Maisha ya Askofu James Hannington, Aliyepita Bondeni Kwetu (1847–1885)



Kamati ya jubilii ilipokaa kupanga kijitabu hiki, tulikubaliana kwamba pamoja na historia ya kwaya, picha na ratiba ya siku, tuweke pia maisha ya mtumishi mmoja wa zamani, ili tusijisifu sisi wenyewe tu. Majina mengi yalitajwa. Mwishowe tulimchagua James Hannington, askofu wa kwanza wa Kianglikana wa Afrika ya Mashariki ya Ikweta. Tulikuwa na sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba alipita katika Bonde la Ufa, nchi yetu hii, wiki chache tu kabla ya kufa kwake. Ya pili ni kwamba siku alipokamatwa na kuburutwa chini kama gunia, aliimba. Kwaya inayotimiza miaka 25 haiwezi kumsahau mtu wa namna hiyo.

Tumeyasoma maisha yake tukijiuliza swali ambalo kila mmoja wetu amewahi kujiuliza usiku: mtu hujiwekaje mikononi mwa Mungu wakati mambo yameharibika? Si katika mahubiri, bali hospitalini, kaburini, au siku ambayo mlango umefungwa na funguo ziko kwa mtu mwingine.

Mtoto mtundu wa Hurstpierpoint

James Hannington alizaliwa tarehe 3 Septemba 1847 katika kijiji cha Hurstpierpoint, kusini mwa Uingereza. Babake alikuwa mfanyabiashara mwenye duka kubwa katika mji wa Brighton, kwa hiyo nyumbani hakukuwa na shida ya mkate. Alikuwa mtoto mchangamfu na mtundu kupita kiasi. Akiwa bado mvulana alichezea baruti na ikamkata kidole gumba cha mkono wa kushoto. Shuleni wenzake walimpa jina la utani la kichaa. Alipofika umri wa miaka 15 aliacha shule akatiwa katika ofisi ya babake kuandika hesabu, kazi ambayo hakuipenda hata siku moja. Alipenda bahari, mashua, mimea na wadudu. Tangu ujana hadi siku zake za mwisho alikuwa mtu wa kuokota majani na maua njiani na kuyahifadhi.

Mwaka 1868 aliingia chuoni Oxford. Hata huko alijulikana zaidi kwa kupiga makasia na kwa mzaha kuliko kwa vitabu. Mamake alifariki mwaka 1872, na kifo hicho kilimtikisa sana. Mwaka 1874 aliwekwa kuwa shemasi na kutumwa kuhudumu katika vijiji vidogo vya Devon, mahali pa milima na upepo, ambako alizunguka akiwa juu ya farasi mdogo kuwatembelea wakulima.

Hapa tunataka tuseme wazi jambo ambalo yeye mwenyewe hakulificha. Alivaa kanzu ya utumishi kabla hajawa na amani na Mungu. Alisoma ibada, alizika wafu, alihubiri, na moyoni alijua kwamba anawaongoza watu mahali ambapo yeye hajafika. Rafiki yake mmoja alimwandikia barua kumweleza jinsi alivyompata Kristo, na Hannington hakuipokea kwa furaha. Alipewa kitabu cha kumsaidia, akakisoma kidogo, akakitupa. Baadaye alikichukua tena, na katika mwaka huohuo wa 1874 moyo wake ulifunguka, akajua kwamba amesamehewa. Wako kati yetu walioimba miaka mingi kabla ya kujua wanamwimbia nani. Wasione haya. Askofu naye alianzia hapo.

Mwaka 1875 alirudi Hurstpierpoint kulichunga kanisa la St George's, na mwaka 1877 alimwoa Blanche Hankin-Turvin. Walibarikiwa watoto. Alikuwa na nyumba, kanisa na watu waliompenda. Angeweza kuzeekea hapo.

Safari ya kwanza na kurudishwa nyuma

Mwaka 1878 habari ziliwafikia Waingereza kwamba wamishonari wawili, Shergold Smith na O'Neill, wameuawa Ukerewe, katika Ziwa Victoria. Habari hizo zilimwingia Hannington kama mwiba. Mwaka 1882 alijitoa kwa shirika la CMS, na mwezi wa Mei mwaka huo alipanda meli akamwacha Blanche na watoto wadogo. Mwezi wa Juni alikuwa Unguja.

Siku hizo njia ya kwenda Uganda ilipitia Bagamoyo na Mpwapwa, kisha kwenda Unyamwezi na kupanda hadi kusini mwa ziwa. Ilikuwa njia ndefu yenye homa nyingi, na wasafiri walitozwa hongo na machifu wa njiani. Hannington aliugua homa na tumbo la kuhara damu. Alidhoofika mpaka wenzake wakadhani wanamzika. Alipoweza kuendelea, alibebwa kwa machela. Alifika kwenye ziwa, lakini hakufika Uganda. Ugonjwa ulikuwa umemshinda, ikabidi arudi. Kufikia katikati ya mwaka 1883 alikuwa amerejea Uingereza, amekonda, akiwa mtu aliyeahidi kufika akarudishwa nusu ya njia.

Tulisimama kidogo hapa tulipokuwa tukisoma. Watu wengi wakimkumbuka Hannington hukimbilia kifo chake. Lakini sisi tunaona kwamba somo la kwanza la kujisalimisha alilipata katika kurudi, wala si katika kufa. Kufa kwa ajili ya kazi kuna heshima yake. Kurudi nyumbani bila kuimaliza, ukaulizwa na kila mtu kanisani mbona umerudi, hakuna heshima inayoonekana. Wako kati yetu walioacha masomo kwa kukosa karo. Wako waliofutwa kazi Nakuru mjini wakarudi shambani. Wako waliopanda mahindi, baridi kali ikayaunguza kabla hayajakomaa. Hao wanajua kwamba Mungu akisema bado, neno hilo ni gumu kulimeza kuliko akisema hapana. Hannington alilimeza. Alirudi kwa watu wake wa Hurstpierpoint, akahudumu, akasubiri mwili wake upone.

Tarehe 24 Juni 1884 aliwekwa wakfu kuwa askofu. Dayosisi yake ilianzia pwani ya Mombasa ikaenda hadi Uganda. Tarehe 24 Januari 1885 alishuka Mombasa na kufanya makao yake Frere Town, kijiji cha Wakristo waliokombolewa kutoka utumwani. Alitembelea Rabai, Taita na Moshi. Tena hakungoja kuwapa Waafrika nafasi katika huduma. Sikukuu ya Utatu, mwaka huohuo wa 1885, aliwaweka kuwa mashemasi William Jones na Ishmael Semler. Wote wawili walikuwa Waafrika waliochukuliwa utumwani wakiwa watoto, wakaokolewa, wakasomeshwa Nashik nchini India, kisha wakarudi Mombasa kufundisha. Tunaomba msomaji alishike jina la William Jones, kwa maana litarudi.

Njia ya Bonde la Ufa

Mwaka mmoja kabla, msafiri Joseph Thomson alikuwa amepita katika nchi ya Wamaasai mpaka Ziwa Victoria na kurudi salama. Hannington alipima mambo. Njia hii ya kaskazini ilikuwa fupi zaidi, yenye hewa ya baridi, na haikuwa na homa nyingi kama ile iliyokaribia kumuua. Ilionekana ni busara. Tarehe 23 Julai 1885 aliondoka Rabai pamoja na William Jones na wapagazi wapatao 200.

Walipita Taita na Ukambani wakafika Ngong. Huko Ugikuyu walisumbuka sana kupata chakula. Kisha wakashuka katika Bonde la Ufa, wakapita Naivasha na kuelekea kaskazini. Wapendwa, kutoka Naivasha kwenda Bogoria ni nchi yetu hii. Milima aliyoitazama asubuhi ni hii tunayoitazama tukienda mazoezini. Hapakuwa na mji wa Nakuru, reli, shamba la mahindi, wala kanisa hata moja. Alifika kwenye ziwa lenye chemchemi za maji yanayochemka na heroe wengi. Wazungu waliliita Ziwa Hannington kwa miaka mingi, na wazee wetu waliosoma jiografia zamani wanalikumbuka jina hilo kwenye ramani. Leo tunaliita Bogoria. Vijana wa kwaya wakienda kule kutembea na kuchemsha mayai, wajue kwamba askofu mmoja mwenye vidole tisa aliwahi kusimama pale akistaajabia kazi ya Mungu.

Kutoka hapo walipita karibu na Baringo, wakapanda Elgeyo, wakavuka hadi Kwa Sundu, mahali panapoitwa leo Mumias. Jina hilo la Sundu lilitokana na Nabongo Shiundu, babake Nabongo Mumia. Hapo Hannington aligawanya msafara. Alimwacha William Jones na watu wengi, na tarehe 12 Oktoba akaendelea na watu 50 tu ili afike upesi.

Mlango uliokatazwa

Kile ambacho Hannington hakukijua ni kwamba Uganda ilikuwa imebadilika. Kabaka Mutesa alikufa mwaka 1884 na kiti kikarithiwa na mwanawe Mwanga, kijana wa chini ya miaka 20, mwenye hofu. Kwa hofu yake hakukosa sababu kabisa. Mwaka huohuo wa 1885 Wajerumani walikuwa wameanza kuchukua nchi za bara upande wa Usagara, na manowari zao zilikuja Unguja kumtisha Sultani. Tena Baganda walikuwa na imani ya tangu zamani kwamba watakaoumeza ufalme wao watatokea mashariki, kupitia Busoga. Mgeni aliyetoka kusini kwa mashua alikuwa mgeni wa kawaida. Mzungu aliyetokea Busoga na msafara alikuwa adui.

Tena damu ilikuwa imekwisha kumwagika. Tarehe 31 Januari 1885 vijana watatu Wakristo, Makko Kakumba, Nuwa Serwanga na Yusufu Lugalama, walichomwa moto karibu na Mengo. Inasimuliwa kwamba walikufa wakiimba wimbo wa sifa kwa Kiswahili, waliofundishwa na wamishonari. Wamishonari waliokuwa Uganda, Alexander Mackay na wenzake, walijua hatari ya njia ya Busoga. Onyo halikumfikia askofu njiani.

Tarehe 21 Oktoba alifika kwa chifu Luba, Busoga. Aliomba apande kilima kidogo, akaona mto Nile kwa macho yake. Furaha hiyo haikudumu. Watu wapatao 20 walimrukia, wakamwangusha, wakamvuta chini kwa nguvu huku nguo zikiraruka na mwili ukiumia. Alidhani wanakwenda kumtupa gengeni. Hapo ndipo alipoimba. Wimbo aliouimba uliandikwa mwaka 1868 na Fanny Crosby, mama Mmarekani aliyekuwa kipofu tangu uchanga, nao unazungumza juu ya kuwa salama mikononi mwa Yesu. Wengi wetu tunaujua. Tumeuimba kwenye mazishi mengi, tukiwa tumesimama kwenye matope, jeneza likishuka.

Siku nane

Alifungwa siku nane. Mwanzoni alitiwa katika kibanda chenye giza, panya na walinzi walevi. Baadaye aliruhusiwa kuwa na kitanda chake, Biblia yake na kitabu chake cha kumbukumbu. Watu walikuja kumtazama kama mnyama aliyenaswa, hata wake za chifu walikuja. Wajumbe walikuwa wametumwa kwa Mwanga kuuliza afanyweje, na kila siku alingoja jibu.

Kitabu chake cha kumbukumbu kilipona, kwa sababu Mkristo mmoja alikinunua baadaye kutoka kwa mmoja wa wauaji. Ndiyo maana tunajua alichokiandika. Na hapa ndipo tulipojifunza zaidi.

Tulitarajia kukuta maneno ya shujaa asiyeumia. Hatukuyakuta. Tulimkuta mtu aliyeandika kwamba amechoka, kwamba hakulala kwa kelele za walinzi na kwa wadudu, kwamba homa inapanda. Alimwomba Bwana amhurumie na amfungue. Aliandika kwamba amevunjika na kushushwa chini. Kisha, katika siku hiyohiyo, aliandika kwamba Zaburi ya 27 imemfariji. Siku iliyofuata, ya mwisho, aliandika kwamba hana habari yoyote, lakini Zaburi ya 30 imemshika na kumjia kwa nguvu nyingi. Akaongeza kwamba usiku fisi alilia karibu kwa kunusa harufu ya mgonjwa, naye anatumaini kwamba fisi huyo hatampata bado. Hata pale mzaha wake wa utotoni haukumwacha.

Tunaomba kila mwanakwaya aliye katika shida alitafakari jambo hili. Yule aliyeimba tarehe 21 ndiye aliyelia tarehe 28. Hakuna tofauti ya imani kati ya siku hizo mbili. Kujiweka mikononi mwa Mungu hakukumzuia kuomba afunguliwe, wala kuomba afunguliwe hakukumtoa mikononi mwa Mungu. Bwana wetu mwenyewe kule Gethsemane aliomba kwanza kikombe kimwondokee, ndipo akasema mapenzi ya Baba yafanyike. Wapo wanaofikiri kwamba wakilalamika mbele za Mungu wamekosa imani, basi wananyamaza, na hatimaye wanaacha hata kuomba. Zaburi tunazoziimba zimejaa vilio. Mungu angekuwa hapendi kilio, angeziondoa.

Tarehe 29 Oktoba 1885 jibu la Mwanga lilifika. Hannington alitolewa nje akadhani anafunguliwa. Alipelekwa mahali pa wazi, akakutana na watu wake wakiwa wamefungwa. Hapo waliuawa, yeye na wao. Inasimuliwa kwamba aliagiza kabaka aambiwe kuwa njia ya kwenda Buganda ameinunua kwa maisha yake. Alikuwa na umri wa miaka 38.

Wale 50

Sasa tuseme jambo zito. Katika wale watu 50 waliokuwa na askofu, waliopona walikuwa wachache sana, wanaohesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Wengine wote waliuawa siku hiyo. Walikuwa watu wa pwani, wabeba mizigo, baba na wana wa watu. Askofu ana makanisa na shule zenye jina lake. Wao hawakusomewa majina. Mama zao na wake zao huko Rabai na Mombasa walingoja miezi mitatu bila kujua.

Na liko swali. Hannington ndiye aliyechagua ile njia. Je, kifo cha watu hao kilikuwa mapenzi ya Mungu, au kilikuwa kosa la mwanadamu pamoja na ukatili wa mwanadamu mwingine? Tulilijadili swali hili baada ya mazoezi Jumamosi moja na hatukukubaliana upesi. Kwetu hapa Bahati tumezoea kusema kwamba kazi ya Mungu haina makosa. Ni neno jema likitoka kinywani mwa yule aliyefiwa, maana hapo ni imani yake mwenyewe inayosema. Likitoka kwa sisi wengine kumnyamazisha aliyefiwa, linakuwa jiwe. Mwanzoni mwa mwaka 2008, wakati wa machafuko, wako wanakwaya waliopoteza nyumba na wako waliopoteza watu. Yaliyowapata yalifanywa na mikono ya watu. Hatuwezi kuwaambia kwamba Mungu ndiye aliyewasha moto.

Tulichokubaliana ni hiki. Kujisalimisha kwa Mungu si kuubatiza uovu kwa jina la mapenzi yake. Ni kuamini kwamba hata mahali uovu umefanya kazi yake yote, Mungu hajamaliza yake. Habari za William Jones zinatuonyesha hivyo.

Bendera ya Ikabodi

Jones alikuwa Kwa Sundu na watu wapatao 150, akingoja. Mwanzoni mwa Novemba habari zilianza kufika, kwanza kama uvumi, kisha kutoka kwa walioponea. Alizikataa, akangoja tena karibu mwezi mzima, pengine si kweli. Mwishowe alianza safari ya kurudi pwani, shemasi wa miezi michache, akiwaongoza watu wenye njaa na huzuni kupita tena katika Bonde hili la Ufa. Walipita katika nchi yetu mara ya pili, safari hii bila askofu.

Tarehe 4 Februari 1886 watu wa Rabai waliuona msafara ukipanda kilima. Mbele yake ilipeperushwa bendera ya buluu yenye neno moja kwa herufi nyeupe: Ikabodi. Wasomaji wa Samweli wa Kwanza wanalikumbuka jina hilo. Ni la mtoto aliyezaliwa siku ambayo sanduku la agano lilitekwa, na mamake akampa jina hilo akilia kwamba utukufu umeondoka Israeli. Wanawake wa Rabai hawakuhitaji kuambiwa zaidi. Wengine walianza kutafuta nyuso za waume zao katika mstari, wasizione.

Hatumlaumu Jones kwa bendera ile. Ilikuwa kilio cha kweli. Lakini tunajua leo kile ambacho yeye hakuweza kukiona siku ile. Katika mwezi uleule wa Novemba 1885, Mkristo Mkatoliki Yosefu Mukasa Balikuddembe, mtumishi wa nyumba ya kabaka, aliuawa baada ya kumkemea Mwanga kwa ajili ya kifo cha askofu. Mwaka uliofuata, tarehe 3 Juni 1886, Karoli Lwanga na wenzake, Wakatoliki na Waanglikana, walichomwa Namugongo. Ilitazamiwa kwamba kanisa la Uganda litakwisha. Badala yake liliongezeka, na kila mwaka majirani zetu wengi wa Nakuru hupanda basi kwenda Namugongo kuhiji. Uingereza nako, habari za kifo cha askofu zilipofika, inaelezwa kwamba watu wapatao 50 walijitoa kwenda umishonari katika wiki chache, idadi ileile ya watu alioondoka nao Kwa Sundu.

Mifupa ya Hannington ilikusanywa na kuzikwa Namirembe tarehe 31 Desemba 1892. Miaka mingi baadaye mwanawe, Joseph, alikuja kuhudumu Uganda, na imeandikwa kwamba alimbatiza mtoto wa chifu Luba, yule ambaye katika boma lake babake alifungwa. Na ile njia ya Bonde la Ufa iliyoonekana kuwa kosa ikawa njia kuu. Reli ilifika Nakuru mwaka 1900 na ziwani mwaka 1901. Kwa njia hiyohiyo vilikuja vitabu vya nyimbo na Biblia za Kiswahili, na wainjilisti waliotembea kwa miguu hadi vijiji vyetu.

Sisi tunaoimba leo

Wapendwa, hatukuyaandika haya ili tujilinganishe na shahidi. Mateso yetu ni ya kadiri yetu. Katika miaka hii 25 tumezika wanakwaya, na viti vyao tumeviacha wazi Jumapili moja kabla ya kuvijaza. Mwezi wa Machi 2020 makanisa yalifungwa, na kwa miezi kadhaa kwaya hii haikusikika isipokuwa kila mtu jikoni kwake. Tuliporudi tukiwa na barakoa, tukisimama mbalimbali, sauti ya tatu ilikuwa na watu wawili tu. Tuliimba hivyo hivyo. Hazikuwa nyimbo zetu bora, lakini tunaamini zilipokelewa.

Jubilii ni siku ya kupiga vigelegele, nasi tutapiga. Lakini yupo atakayesimama katika safu leo akiwa amevaa sare mpya na moyo uliochoka. Pengine amebeba majibu ya daktari ambayo hajamwambia mtu. Pengine mtoto hajarudi nyumbani. Kwake yeye hasa tumeyaandika maisha haya. Usingoje moyo upone ndipo uimbe, wala usijifanye umepona ili uimbe. Imba ukiwa ulivyo. Ukishindwa mstari, jirani yako wa safu ataushika mpaka pumzi ikurudie. Ndiyo maana Mungu alitupa kwaya badala ya kuacha kila mtu aimbe peke yake.

Tunamshukuru Mungu kwa ajili ya James Hannington, kwa ajili ya William Jones aliyewarudisha watu wa msafara nyumbani, na kwa ajili ya wale wapagazi ambao majina yao yako kwake. Kabla ya wimbo wa mwisho wa leo tutasimama kimya dakika moja kuwakumbuka, pamoja na wanakwaya wetu waliotangulia. Kisha tutauinua ule wimbo alioimba askofu akiburutwa, sauti zote nne, na kutaniko lote mnakaribishwa kuimba pamoja nasi.

Bwana asifiwe.